Kizimba Kilivyoliwa na Shamba

Kwetu Dundori mbwa ni mfanyakazi wa usiku. Asubuhi anafungiwa kwenye kibanda chake cha mbao alale, jioni anafunguliwa aingie zamu, na hakuna anayemwuliza kama alipata usingizi. Kwa hiyo siku nilipofika nyumbani kwa mama juu ya pikapu iliyokuwa ikirudi tupu kutoka kushusha viazi sokoni Nakuru, nikiwa na mbwa, blanketi la mbwa, bakuli la mbwa na kizimba cha waya kilichofunikwa kwa kitambaa, mama alisimama langoni akatazama kila kitu kikishushwa, tena kwa subira sana.

"Na mto?" akauliza. "Umesahau mto yake?"

Mto ulikuwa ndani ya kizimba. Sikumwonyesha.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule hapa Section 58, mtaa wa Nakuru, na shule zikishafunguliwa na kila mtoto amevaa sketi yake, kazi hulala hata nikienda nyumbani kwa majuma kadhaa hakuna anayenitafuta. Yule mbwa nilinunuliwa na kaka yangu mkubwa. Alimpata kwa mtu wa Nairobi aliyemhakikishia kwamba mbwa wa kisasa hulala kizimbani tangu utotoni ili ajifunze adabu. Adabu aliijua upesi, tena akapitiliza. Alikua akawa na kichwa kikubwa na miguu mirefu, akawa anaingia kizimbani kwa kujikunja kama tepu yangu ya kupimia, lakini kulala mahali pengine hakutaka. Mlango nilikuwa nimeacha kuufunga zamani. Yeye mwenyewe, kila jioni, aliuvuta kwa meno hadi ukaegemea, ndipo akapumua.

Kilichonipeleka Dundori ni neno ambalo mama alilitoa kwa haraka. Mbwa wake mzee alikuwa amekufa kwa uzee, na haukupita muda mtu akaingia shambani akaondoka na kuku wawili na karai. Kaka akasema basi, mama hawezi tena kukaa peke yake kule juu, atahamia kwake Nakuru, kwenye chumba alichokuwa akimjengea nyuma ya nyumba. Akaanza kupaka rangi hata kabla ya kumwuliza. Mama akampigia simu.

"Nikipata mbwa nitahama ya nini?"

"Mbwa wa kulala nje, Mama? Wa kazi?"

"Wa kazi. Nitachukua ile kubwa ya dada yako."

Mama alikuwa amemwona kwenye picha tu, na pichani anatisha. Kaka alicheka mpaka akakohoa, kwa sababu ndiye aliyemnunua na alijua jinsi anavyolala. Akasema sawa, deal ni deal, mbwa huyo huyo na si mwingine. Viazi vikivunwa atakuja kuangalia, na akimkuta mbwa analala kizimbani, mama atafunga virago. Mama akakubali kwa sauti ya mtu aliyeshinda. Mimi nilikuwa kwenye simu hiyo hiyo, nikimtazama mbwa akiuvuta mlango wake.

Nitasema wazi nilivyokuwa nikihisi. Nilimwogopea mama, hasa nyakati za ukungu. Lakini nikifikiria nyumba ile imefungwa, ng'ombe ameuzwa, na mama ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba ya mtu akitazama ukuta, hata ukiwa ukuta wa mwanawe, niliona heri huo ukungu. Kwa hiyo nilipakia mbwa nikaenda. Nilikuwa na mpango wa kitaalamu, nimeutazama kwenye simu kwa video nyingi za watu wenye mbwa safi kuliko watoto wetu.

Jioni ya kwanza mama hakutaka kusikia mpango. Mbwa alipokuwa anakula, mama alikiburuta kizimba hadi jikoni, jiko letu la kuni lililoko kando ya nyumba, akafunga mlango kwa kufuli, akarudi akipangusa mikono.

"Mgeni," akamwambia mbwa, "zamu imeanza."

Asubuhi mbwa hayuko. Tulitafuta kwenye mahindi, tukatafuta barabarani, mama akaniambia nimpigie kaka simu nimwombe msamaha, nikamwambia ampigie yeye. Ndipo tuliposikia kuku wakilalamika. Mgeni alikuwa ametafuta shamba zima kitu chenye waya akakipata. Alikuwa amejipenyeza ndani ya banda la kuku, amejikunja pembeni kwa heshima, majani ya kutagia yamemjaa masikioni, na kuku wote wamepanda juu kabisa wakimtazama. Hakuwa amegusa hata mmoja. Jirani yetu, mzee mmoja anayependa mambo ya watu, alikuwa amekwisha kufika kwenye ua.

"Mathe, hiyo mbwa yako inataga ama inaatamia?"

Mama alijitia hamnazo, akaingia bandani kuokota mayai. Hakukuwa na mayai. Kuku waligoma siku hiyo na nyingine kadhaa, na mama anapenda mayai yake kuliko ushauri, ndiyo maana akaniita jikoni akasema haya, niambie hayo ya simu.

Nikamwambia. Kizimba hakiondolewi ghafla. Kinapunguzwa. Unatoa mlango, unaacha mnyama azoee. Unatoa paa, unaacha azoee. Halafu pande, mojamoja, hadi abaki na sinia la chini peke yake, na huku unakisogeza polepole kutoka mahali anapopajua hadi mahali unapotaka alale. Akihangaika unarudisha kipande ulichotoa. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Hiyo mlango ukitoa, inaenda wapi?"

Nilidhani ni udadisi tu. Niliufungua mlango kwa koleo, nikauegemeza ukutani ili uwe karibu, mnyama akihangaika niurudishe. Mbwa alisimama mbele ya uwazi, akautafuta mlango kwa meno, akauma hewa mara kadhaa, kisha akaingia akalala uso ukitazama nje. Hakufurahi, lakini alilala. Asubuhi nilipotaka kuuangalia mlango haukuwa ukutani. Ulikuwa kwenye bustani ya sukuma wiki, umefungwa kwa kamba kwenye lile pengo ambalo mbuzi wa jirani hupitia, umekaa kana kwamba ulitengenezwa kwa kazi hiyo.

"Mama, ule mlango nitauhitaji nikirudisha."

"Urudishe nini? Na mbuzi?"

Paa lilipotoka lilikaa nje ya kizimba muda mfupi kuliko chai inavyopoa. Niligeuka kumtuliza mbwa, nikageuka tena nikakuta mama ameliweka juu ya vigingi vinne nyuma ya jiko na vikombe vimekwisha kupangwa juu yake vikichuruzika maji. Vigingi vilikuwa vimechimbiwa tangu jana yake. Ndipo nikatambua kwamba mimi ndiye nilikuwa na mpango wa kumfundisha mbwa, lakini mama alikuwa na mpango wa kupata waya, na wa kwake ulikuwa unakwenda mbio kuliko wangu. Kile kifuniko nilichokuwa nimekishona kwa mabaki ya sare, kijani cha shule moja na maruni ya nyingine, kilikuwa pazia la dirisha la jikoni kabla ya Jumapili. Hata alikipinda upya ukingo, kwa mkono, na kunionyesha kwamba ukingo wangu ulikuwa umekwenda upande.

Tuligombana. Nilimwambia anamharibu mnyama, anamtoa ngozi huku mbwa mwenyewe anatazama. Akaniambia mbwa hawezi kujua amepona kama kila siku anaona dawa imeegemezwa ukutani. Nikarudi kwa mbwa na koleo langu.

Mbwa naye alikuwa na vituko vyake. Paa lilipoondoka, aliendelea kuinamisha kichwa akiingia, asije akajigonga kwenye kitu kisichokuwepo. Upande wa nyuma ulipoondoka, ukaenda kuzingira vifaranga, palibaki wazi kabisa, angeweza kuingia kwa kuruka. Hakuruka. Alizunguka hadi pale mlango ulipokuwa, akasimama, akainama, akaingia kwa utaratibu, akajikunja. Mama alimtazama akifanya hivyo jioni baada ya jioni huku akimenya viazi, na siku moja akasema kwa sauti ya chini, "Mtu akizoeshwa." Halafu akanitazama kwa hasira kana kwamba ni mimi niliyesema.

Pande nyingine zikafuata kwa vifaranga, na kila jioni tulikuwa tunamsogeza. Mimi nilishika upande huu wa sinia na mama upande ule, tukalivuta kutoka karibu na mafiga hadi mlangoni mwa jiko, kutoka mlangoni hadi chini ya paa la mbele, kutoka hapo kukatiza uwanja hadi varanda ya nyumba kubwa. Mbwa alitembea nyuma yetu akiwa na wasiwasi, mfano wa mwenye nyumba anayehamishwa na wapangaji.

Varanda ya Dundori asubuhi si mahali pa mchezo. Ukungu unaingia mpaka kwenye kikombe. Nilimwuliza mama kama mbwa hatasikia baridi, akaniambia mbwa ana nguo yake ya kuzaliwa nayo, mimi nimeharibiwa na mji. Siku hiyo hiyo akaniletea gunia la viazi lililooshwa.

"Nishonee kitu ya kupigia magoti nikipalilia. Weka hivyo vipande vyako ndani, iwe nene."

"Urefu gani?"

Akanyoosha mikono. Nilimpima magoti kwa macho, kisha nikaipima ile mikono iliyonyooshwa. Kwa kazi yangu nimepima watu wengi, na sijawahi kuona magoti ya urefu huo. Nilishona, nikajaza mabaki ya sweta, nikapiga mishono ya kukatisha ili yasisongamane. Asubuhi iliyofuata mama alikuwa bustanini akipalilia, magoti yake kwenye udongo mtupu, na mgeni yuko varandani amelala juu ya gunia jipya kwenye sinia lake.

Siku chache kabla ya viazi kuisha shambani, sinia nalo likaenda. Nililikuta kwenye banda la kuku limejaa maji, kuku wamelizunguka wakinywa. Jioni nilikaa mlangoni mwa jiko, roho mkononi. Mbwa alikuja saa yake ya kawaida, akafika pale mlango ulipokuwa, akasimama. Akainusa sakafu yote. Akaenda mpaka kwenye banda la kuku, akalitazama sinia lake likinywewa, akarudi. Mama alikuwa ndani anajifanya kusikiliza redio, lakini redio alikuwa ameipunguza. Mbwa akainamisha kichwa, akapita chini ya paa lisilokuwepo, lile lililokuwa likikausha vikombe nyuma ya jiko, akaingia kwenye gunia, akajizungusha, akalala. Mgongo wake ulikuwa umeegemea mlango wa mama. Kulipopambazuka alikuwa hapo hapo, na mama alilazimika kutokea mlango wa nyuma ili asimwamshe.

Kaka alikuwa amesema atakuja Jumapili baada ya kanisa. Alikuja Jumamosi jioni. Gari aliliacha kule chini dukani, akapanda kwa miguu na viatu vyake vya ofisi, akafungua lango bila kulitingisha, ili amfumanie mbwa. Nilimwona kupitia lile pazia la kijani na maruni. Mbwa alikuwa kwenye gunia lake, nje, mlangoni, mahali panapotakiwa. Nikamshukuru Mungu.

Kisha mbwa akamwona kaka. Alimkumbuka. Alisimama akatikisa mkia, akatikisa na kiuno, akaenda kumlamba mikono yote miwili, wala hakutoa hata sauti.

"Hii ndio mbwa ya kazi?" kaka akaita, amefurahi sana. "Mama, mwizi akikuja huyu atampikia chai."

Mama akatoka. "Wewe ni mwizi?"

"Hapana, Mama."

"Basi abweke ya nini?"

Akamkaribisha ndani. Nilimimina chai, na kaka akakishika kikombe nilichokuwa nimekitoa juani, akatazama nje nyuma ya jiko, akakaza macho.

"Hiyo waya naijua."

"Vizuri," akasema mama. "Kuna ingine kwa sukuma, na ingine kwa vifaranga. Ulinunua kitu ya maana."

Kaka hakucheka. Aliweka kikombe chini akaanza kueleza habari za chumba, na nitakuwa mwongo nikisema alieleza vibaya. Kina choo ndani. Dirisha lina nondo nzito, hakuna mtu anaweza kuingia. Mlango ni wa chuma. Usiku msichana wa kazi atakuwa anamfungia kwa nje, kwa usalama, na asubuhi anamfungulia. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mlangoni mbwa alikuwa amerudi kulala.

"Na blanketi iko?"

"Iko, Mama. Mpya."

"Na maji ya kunywa?"

"Kila kitu iko. Hutakosa kitu."

"Na ile ya kufunika juu? Ndio nisiogope?"

"Ya kufunika juu gani?" akauliza kaka.

Chai ilinitoka puani. Nikainuka nikajifanya natafuta kitambaa. Mama alimgeukia kaka, na mzaha ukamtoka usoni.

"Baba, hii mbwa nimeitoa kwa keji na mikono yangu. Sasa unataka niingie mimi?"

Nimemwona kaka yangu akigombana na makarani, na mafundi, na trafiki, hajawahi kukosa neno. Siku hiyo aliitazama tu mikono yake, na kwenye kucha zake kulikuwa bado na rangi, ya kijani hafifu, ile ile ya kuta za jiko la mama. Chumba alikuwa amekipaka yeye mwenyewe baada ya kazi, na rangi alikuwa ameitafuta ifanane. Nilimhurumia. Kuwa mkubwa ni kubeba hofu ya wote halafu uambiwe umejenga keji.

Mama naye aliiona rangi. Akaivuta mikono ya kaka, akaisugua kwa kidole gumba, haikutoka.

"Funguo iko wapi?"

Kaka akautoa mfukoni.

"Ni hii moja tu?"

"Ziko tatu."

"Leta zote. Chumba si ni yangu?"

Akampa zote tatu. Mbili mama alizifunga kwenye ncha ya leso. Wa tatu aliutazama, akaniomba uzi, ule mnene wa kushonea mikanda ya mabegi, akatoka nao varandani. Alimwinua mbwa kichwa akaufunga ufunguo kwenye ukanda wake wa shingoni, kwa yale mafundo manne ya kufungia mifuko ya viazi, ambayo hayafunguki kwa bahati mbaya.

"Siku nikitaka kuja," akamwambia kaka, "huyu ataniletea."

Kaka alifungua mdomo kusema kitu. Wakati huo huo yule mzee jirani alikuwa amefika langoni kurudisha sufuria, au ndivyo alivyosema, maana alikuwa ameliona gari dukani. Akatia mkono kwenye komeo. Mbwa aliondoka kwenye gunia kama mtu aliyesahau uji motoni. Sikuwa nimewahi kuisikia sauti hiyo, si Section 58 wala Dundori. Ilitoka tumboni, ufunguo ukigonga shingoni, kuku wakaruka, na chai yote ya kaka ikaingia kwenye kiatu chake cha ofisi.

"Mathe, shika mbwa!" mzee akaita kutoka barabarani. "Shika mbwa, mathe!"

Mama aliketi. Akajimiminia chai.

"Ngoja kidogo," akasema. "Wacha afanye kazi."

Nilirudi Section 58 peke yangu. Sikuwa nimejua kwamba deal ilikuwa pia inanihusu mimi, na kwamba mbwa akifaulu, mimi ndiye nitakayempoteza. Ile pembe ya sebule kilipokuwa kizimba ina alama kwenye sakafu, mraba mweupe kuliko kwingine. Niliweka kapu la mabaki hapo, nikaliondoa, nikaliweka tena. Mama akipiga simu asubuhi simwulizi kama amelala. Nasikiliza kwanza kama kuna ufunguo unagonga, ndipo namsalimia.

Chumba kile cha kijani hakikai tupu, chumba cha mjini hakijui kukaa tupu. Kaka aliweka humo baiskeli za watoto, na magodoro ya wageni, na tangi la maji, kabla ya kukumbuka kwamba kufuli likibanwa hana cha kulifungulia. Kwa hiyo Jumamosi nyingi analazimika kuendesha gari hadi Dundori kumwinamia mbwa achukue ufunguo. Mbwa hamruhusu amguse shingo mpaka mama aseme, na mama husema unywe chai kwanza. Chai inakuwa githeri, sahani ya mahindi na maharagwe, githeri inakuwa habari za ng'ombe, kaka anavua viatu, anazibua mfereji, anarekebisha ua. Jua likianza kuinama anaruka, anaaga mbio mbio, anaondoka. Mama humsindikiza hadi langoni, mbwa pembeni yake, ufunguo ukining'inia. Anaona kabisa kwamba kijana wake ameusahau tena, na hamkumbushi.